Futi Yangu

Walikuja kuiazima saa nne asubuhi,
futi ya njano, ile ninayoivaa shingoni,
suruali ya mwalimu ikiwa bado chini ya sindano.
"Dakika tano tu," alisema Vitus Nyalusi.
Dakika tano za Idodi nazijua.
Nikafunika cherehani, nikaifuata futi yangu.

Ofisi ya kijiji ilinuka mafuta ya bunduki.
Juu ya meza, mahali pa daftari la wageni,
pembe mbili za tandala, fuvu likiwa bado bichi,
zimejisokota kama moshi
uliokatazwa kupanda moja kwa moja.

Bwana nyama, Mwaisumo, kijana wa Tukuyu,
alisoma karatasi bila kuinua macho:
kuanzia msimu huu, dume wa chini ya inchi hamsini
haguswi. Jike haguswi kabisa.
Mgawo wa kijiji, watatu.

"Hamsini kwa njia ipi?" akauliza Lulandala.
"Kwa kunyoosha, kama kamba ya kuanikia,
au kwa kuzunguka, kama barabara ya Kitonga?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tukapima kwa kunyoosha: thelathini na tisa.
Tukapima kwa kuzunguka: hamsini na mbili.
Mnyama yuleyule,
kwanza kosa, halafu halali.
Kindole, aliyempiga, akavua kofia akajipepea.
"Alfajiri," alisema, "kichakani, hatua themanini,
ananitazama. Nimwambieje?
Ndugu, inama kidogo nikupime?"

Lulandala akasimama.
Baba yake, alisema, alipiga wadogo wadogo,
wakubwa akawaacha wapande.
"Leo tunachinja mbegu, tunabaki na makapi.
Miaka ishirini, mtakuja hapa
kupima pembe za mbuzi."

"Na mdogo je?" Vitus akadakia.
"Hajapanda hata mara moja.
Ukimwangusha, umeangusha na wanawe
ambao hata mvua hawajaiona."

Mimi nilikubaliana
na kila aliyesema mwisho.

Ndipo Yusta Semduda, aliyekuja kudai risiti ya maji,
akaweka ndoo chini.
"Shamba langu halina inchi," alisema.
"Jike anaruka uzio wangu kama hana mifupa,
na ndama wake nyuma, anajifunza.
Hao msiowagusa
ndio wanaonigusa mimi."
"Nitaandika," akasema Mwaisumo.
"Andika na mbaazi."

Akaandika. Nilichungulia:
aliandika *mbaazi*, akapigia mstari, basi.

Mtu wa nyuma akauliza habari za wale wa vitalu,
wanaokuja na magari yenye jokofu,
wao wanapimwa na nani?
Hapo karatasi ilikuwa imeisha.

Kura ikapigwa kwa mikono.
Ikawa sare, tisa kwa tisa,
ila Kindole alisema mkono mmoja haukuwa kura,
mwenyewe alikuwa anajikuna kwapa.
Wakaahirisha hadi Jumanne.
Pembe zikafungiwa kabatini
pamoja na mipira ya timu.

Futi nilirudishiwa jua likizama,
imekunjwa vibaya, kama utumbo.
Niliiosha kwa sabuni ya kipande, mara mbili.
Doa lilibaki kwenye namba moja,
pale chuma cha mwanzo kilipogusa fuvu.
Kila kipimo changu sasa kinaanzia hapo.

Asubuhi mama mmoja akaniletea mwanawe,
kaptula ya shule, darasa la tatu.
Mtoto akasimama wima, mikono pembeni,
hapumui, kama nitamtoza kwa pumzi.
Nikabana doa kiunoni kwake kwa kidole gumba,
nikazungusha.
Ishirini na mbili.

"Acha upindo mrefu," mama yake akasema,
"huyu bado."